Kabla ya Kuitisha Mkutano wa Nishati, Tazama Mwezi

Mkutano wangu wa kwanza kuhusu nishati jadidifu niliuitisha saa nne asubuhi, ukumbini, viti vimepangwa na maji ya chupa yako tayari. Kikundi chetu cha mtaa kilikuwa kimenipa kazi ya kuwasikiliza watu wa hali ya chini hapa Tanga: jiji likiachana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, wao wanataka nini na wanaogopa nini? Watu walijaa. Walikuja wenye nyumba, wastaafu, na vijana wachache wenye kalamu na daftari. Kutoka Sahare kwa wachemsha dagaa, ambao hasa ndio tuliowakusudia, hakuja hata mmoja.

Nilidhani hawana haja. Jioni nikaenda mwenyewe. Mama mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, saa nne mimi niko mbele ya sufuria. Tena sasa hivi ni giza."

Giza kwa watu wa pwani ni msimu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwavuti vizuri mwezi ukiwa unang'aa. Kwa hiyo giza likiingia, vyombo hutoka jioni na kurudi alfajiri, na wanawake huwachemsha dagaa kwa maji ya chumvi wakawahi kuwaanika jua lingali kali. Ikija mbalamwezi kazi hupungua, na fedha hukauka pamoja nayo. Ukitaka kuzungumza na watu hawa, nenda wakati wa mbalamwezi, alasiri, ukae nao pale pale kwenye chanja zao.

Na ukitaka kuwakopesha taa za sola, usiwapangie marejesho yanayolingana kila wiki. Nimeona taa za mkopo zikijifunga kwa kukosa malipo katika siku zile zile ambazo hakuna chombo kinachokwenda baharini. Mwenye taa akaitwa mdaiwa sugu, ilhali majuma mawili mbele angelipa deni lote. Kumshirikisha mtu ni pamoja na kuijua kalenda ya mfuko wake kabla hujamwandalia mkataba.

Sasa nije kwa wapangaji, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Ngamiani na Makorora utakuta nyumba ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Bei ya umeme imewekewa kundi la watumiaji wadogo: wasiozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida hulipa shilingi 292. Piga hesabu. Familia sita, kila moja ikitumia uniti 25 tu, zimefika 150 kwenye mita moja. Nyumba nzima haina nafasi kwenye kundi la wadogo, na mjane wa chumba cha uani ananunua uniti kwa karibu mara tatu ya bei ambayo angelipa kama angekuwa na mita yake. Unafuu uliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye, na haumfikii.

Juu ya hapo kuna masharti ya mwenye nyumba: taa na simu ruhusa, pasi kwa kuomba, jiko la umeme marufuku. Mimi nilikuwa nimekwenda na jiko la presha la umeme, tukasoma LUKU kabla na baada ya kuivisha maharage, na hata uniti moja haikwisha. Kina mama walifurahi. Kisha dada mmoja akaniuliza, "Sasa baba mwenye nyumba utamwambia wewe?" Ninakushauri uanze na wapangaji peke yao, wasije wakanyamaza mbele ya anayeshika kodi yao. Baadaye waite pande zote mbili pamoja, mkiwa na hesabu mkononi. Mita ndogo ya kila chumba husaidia kugawana gharama bila ugomvi, lakini haibadilishi kundi la bei. Hilo ni la kupeleka juu, kwa maandishi, likiwa na idadi ya vyumba na risiti za LUKU.

Linaniuma kwa sababu umeme wa maji si mgeni kwetu. Kituo cha Hale kwenye mto Pangani kina megawati 21 na kimefanya kazi tangu 1964, na chini yake kuna kingine cha megawati 68. Leo lipo na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kila nikilisoma huwaza ile asilimia 20 ya mwisho, na ninaowaona ni wale wale ambao hawakufika kwenye mkutano wangu wa saa nne.

Wauza mkaa nao waite, tena mapema. Wengi ni wanawake wanaopima kwa kopo mlangoni, na mtu akiwaambia mkaa utakwisha wanasikia kwamba watoto watalala njaa. Hao ndio wanaojua nani hununua wa kutwa moja, nani hukopa, nani hana hata mia tano. Ukiwapuuza watakupinga, na haki watakuwa nayo. Tulipokaa nao, waliuliza wenyewe habari za mkaa wa vifuu vya nazi na uwakala wa gesi ya kupima. Wengi hawakujua kwamba sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Nenda na mtu wa maendeleo ya jamii wa kata, fomu zijazwe hapo hapo.

Kwa wenye ulemavu, usiende na maelezo matupu, nenda na vifaa vyenyewe. Namba za LUKU ni tarakimu 20, na asiyeona huziingiza kwa kumtegemea mtu mwingine. Mzee mmoja wa Mabawa nilimwekea majiko mawili ya presha mezani. La kwanza lilikuwa na uso laini wa kugusa. Alipapasa, akarudisha mikono. La pili lilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Alikizungusha polepole, akahesabu milio kwa sauti, akarudia mara tatu, kisha akamwita mkewe: "Njoo uone. Hili nitapika mwenyewe."