Mwanangu, Bell si Maywood

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepata chumba Bell na kingine Maywood, kodi ya pango karibu sawa, nawe unaniuliza, "Mama, nichague nini hapo? Si yote ni Los Angeles?"

Hapana, mwanangu. Kaunti ya Los Angeles ina miji 88, na Los Angeles yenyewe ni mmoja tu kati ya hiyo. Panda basi la barabara ya Atlantic pale Vernon uelekee kusini: utapita Maywood, Bell, Cudahy, kisha South Gate, na bado hujakaa sana kitini. Nyumba zimeshikana mwanzo mwisho. Utajua umevuka mpaka kwa kibao kidogo, au kwa lami iliyokuwa nyororo kuanza kuwa na viraka. Vitazame vizuri hivyo viraka. Kila mji hutengeneza kipande chake kwa fedha zake.

Viwanda ndivyo vilivyoipanga miji hii. Vernon ilianzishwa mwaka 1905 kwa ajili ya viwanda, na hadi leo wakazi wake ni mia kadhaa tu. Wafanyakazi walilala miji ya jirani. South Gate ilikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors tangu 1936, kikafungwa 1982. Baadaye mji wa Lakewood, ulipojisajili mwaka 1954, ulionyesha njia nyingine: mji unaweza kujitawala huku ukiilipa kaunti iufanyie kazi, polisi wakiwemo.

Hapo ndipo vyumba vyako viwili vinapotofautiana. Maywood ilivunja kikosi chake cha polisi mwaka 2010, kwa hiyo ukipiga simu usiku atakuja askari wa sherifu wa kaunti. Bell ina polisi wake.

Lakini Bell ina jambo linaloniuma hadi leo. Mwaka 2005 uliitishwa uchaguzi maalumu wa kuupa mji katiba yake wenyewe, wakapiga kura watu wasiofika 400. Mabadiliko hayo yaliwafungulia madiwani mlango wa kukwepa kikomo cha mishahara yao. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times likafichua kwamba mkurugenzi wa mji, Robert Rizzo, analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, katika mji wa watu wasiofika 40,000, wengi wao wa kipato cha chini. Madiwani nao walikuwa wakivuta karibu dola 100,000 kila mmoja kwa kazi ya muda. Rizzo alifungwa, na wananchi waliwang'oa madiwani kwa kura mwaka 2011. Waliamka, na nawaheshimu kwa hilo. Ila zile kura chache za 2005 sizisahau. Ukihamia huko, baraza linapokaa nenda ukaketi uwasikilize. Ukumbi ni mdogo, watakuona.

Kuna jambo moja ambalo mpaka hauwezi kulizuia. Vernon kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kikafungwa mwaka 2015. Kodi zake zilibaki Vernon. Vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu, lilitua kwenye nyua za majirani, Maywood na Bell zikiwemo. Nyumba nyingi zilibidi zichimbwe udongo wa juu na kuwekewa mwingine.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujasaini popote, muulize mwenye nyumba: udongo wa uani ulipimwa? Ulisafishwa? Akuonyeshe karatasi. Najua unavyopenda kupanda mchicha na nyanya mara tu ukihamia. Asipokuwa na karatasi, usichimbe hata shimo moja, na hicho chumba mwachie. Kisha subiri giza liingie, utembee mtaa mzima uhesabu taa zinazowaka.

Nipigie ukirudi.

Mama yako