Manowari kubwa ziliangushwa 10 Desemba 1941

Swali la wiki lilikuwa: ni silaha gani iliyotamba sana kisha ikapitwa na wakati upesi? Jibu langu ni manowari kubwa za mizinga, na siku yao naitaja: 10 Desemba 1941.

HMS Dreadnought ya Uingereza ilipotoka mwaka 1906 na mizinga 10 ya inchi 12, meli zote za vita zilizoitangulia zilionekana kuukuu. Ujerumani ikaanza kushindana, zikafuata Marekani, Japani, hata Brazil.

Wengi husema zilimalizwa na shambulio la ndege za Kijapani kwenye Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii. Sikubali. Pale, kama katika bandari ya Taranto, Italia, mwaka 1940, meli zilivamiwa zikiwa zimetia nanga. Siku tatu baadaye, nje ya pwani ya Malaya, HMS Prince of Wales na mwenzake Repulse zilikuwa baharini, zikienda kasi, wapiga mizinga wakiwa tayari. Prince of Wales haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja kazini. Walichokosa ni ndege za kuwalinda. Torpido (kombora linalosafiri majini) ya ndege ya Kijapani iliipiga Prince of Wales upande wa nyuma, penye mhimili wa rafadha, yaani panga za kusukuma meli. Mhimili ukapinda huku ukizunguka, ukararua kuta za ndani, maji yakapata njia hadi kwenye mitambo. Umeme ukakatika, pampu zikasimama, na mizinga mingi ya kutungulia ndege haikugeuka tena. Kabla ya saa nane mchana meli zote mbili zilikuwa zimezama, na mabaharia 840 wamekufa.

Kuongeza unene wa chuma kusingesaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa umbali. Mizinga ya Yamato ya Japani, mikubwa kuliko yote iliyowahi kufungwa melini, ilifikisha kombora kilomita 42 hivi. Ndege zilitoka mamia ya kilomita. Aprili 1945 Yamato nayo ikazamishwa na ndege za Marekani, bila kuziona meli zilizozibeba.

Sisi wa Mombasa tuna sehemu yetu katika habari hii. Aprili 1942 manowari za Kijapani za kubeba ndege zilipoingia Bahari ya Hindi na kupiga Colombo, Waingereza waliziondoa manowari zao nne kongwe, Resolution, Ramillies, Revenge na Royal Sovereign, wakazileta Kilindini. Kila moja ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 15. Zilizojengwa ili zikabiliane na manowari za Ujerumani zikapewa kazi ya kusindikiza misafara ya meli upande huu wa bahari, mbali na ndege za Wajapani.