Uma wa mbele: mpya wa milimita 120 au wa mtumba wa 100?

SWALI: Shikamoo fundi. Naunda baiskeli ya kukimbilia njia za Pugu na Kisarawe. Fremu ni ya alumini, ya gurudumu la inchi 29, na kiwandani ilitoka na uma (ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele) wa mwendo, yaani umbali unaobonyea, wa milimita 100. Nimepata uma mpya wa springi wa milimita 120, na wa hewa wa mtumba wa milimita 100. Bei zinakaribiana. Nina kilo 61. Nichukue upi? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Marahaba. Chukua wa hewa, ila nenda na futi kamba mfukoni.

Uma wa mtumba mara nyingi huja na shingo, yaani bomba la juu linaloingia kwenye fremu, iliyokwisha kukatwa kwa kipimo cha baiskeli ya mwenyewe wa kwanza. Pima bomba la mbele la fremu yako, ongeza vikombe vya beringi, pete na stemu inayoshika usukani. Shingo ikipungua, uache hapo hapo. Atatokea mtu wa kukuambia ataiunga kwa kuchomelea, mshukuru, uondoke. Angalia na umbo lake: kuna shingo yenye milimita 28.6 juu hadi chini, na kuna inayonenepa hadi karibu 40 chini. Nyembamba inaweza kuingia kwenye fremu pana kwa kuongezewa pete ya chini. Nene kwenye bomba jembamba haiingii, hata fundi aape. Halafu habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu: ya ekseli nyembamba ya kufunga kwa kishikio haikai kwenye uma wa ekseli ya milimita 15, na hizo za 15 nazo zina upana wa 100 na wa 110.

Kuhusu ile 120, usidhani unaongezewa raha ya bure. Pua ya baiskeli itapanda, pembe ya mbele italala kwa takriban digrii moja, na ukipanda kilima gurudumu la mbele litaanza kutangatanga. Ni kweli baiskeli nyingi za mashindano siku hizi zina 120, lakini fremu zake zilichorwa hivyo tangu mwanzo.

Na kwa kilo zako, springi ya bei nafuu huenda isibonyee ipasavyo: utabeba kilo 2.5 za chuma kupanda Pugu na mikono itaumia vile vile. Wa hewa unaujaza kulingana na uzito wako. Ukikaa juu ya baiskeli umevaa kila kitu, uma uzame milimita 20 hivi, yaani asilimia 20 ya mwendo. Nunua pampu yake maalumu. Kompresa ya fundi pancha ni ya matairi, chumba cha hewa cha uma ni kidogo mno.

Sasa miguu ile ya uma inayong'aa, inayoteleza ndani ya miguu ya chini. Pitisha kucha juu hadi chini, mbele na nyuma. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na kutu kidogo tu inakata sili, ile mipira ya kuzuia oili, na oili inavuja. Uma ukiwa safi, ununue, na kila baada ya saa 50 za kuendesha ufunguliwe miguu ya chini, usafishwe na kutiwa oili mpya. Kucha ikikwama, wote wawili waache: tafuta uma mgumu usio na shokapu, wenye urefu unaolingana na fremu, uweke tairi pana yenye upepo wa wastani. Pugu utafika nao vizuri kuliko na ule wa springi.