Programu ya bure ya kutazama nyota: chukua Stellarium, ila kwanza iambie upo wapi

Mkuu uliyepo Mwanza, umeuliza programu ipi ya bure itakufaa kujifunza nyota. Una laptopu ya mtumba na simu ya kawaida, darubini huna, na hutaki kitu cha kumeza bando kila ukikifungua. Waliotangulia kukujibu wamekumwagia majina bila kusema lipi ni la kazi gani. Mimi nipo Tanga, hizi programu ninazo muda mrefu, nitakujibu kwa ninavyozitumia.

Chukua Stellarium, nyingine zisubiri. Ni bure ya kweli, siyo ile ya wiki moja halafu unadaiwa namba ya kadi ya benki. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabien Chéreau, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, na wanaoiendeleza wengi wanajitolea tu. Ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Faili lake ni kubwa, kwa hiyo lipakue kwa waifai au bando la usiku. Ukishalisakinisha, intaneti huihitaji tena kwa kazi za kawaida. Inakuja na nyota zaidi ya 600,000. Jicho la mtu mwenye afya, kwenye giza la porini, halifikishi 5,000 kwa mara moja, kwa hiyo anayekushauri upakue na katalogi za ziada mwache aendelee na safari yake.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni yanalipita haraka, na ndilo linalowafanya watu waseme programu ni mbovu: mahali. Stellarium ikifunguka hujaribu kukisia ulipo kupitia mtandao, na mitandao yetu ya simu mara nyingi hujitambulisha kama ipo Dar hata kama wewe upo Sengerema. Dar ipo nyuzi 39.3 mashariki, Mwanza 32.9. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne za mzunguko wa dunia, kwa hiyo ukiiacha ibaki Dar, anga la kwenye kioo litatangulia anga la kwako kwa dakika 25 hivi. Utaambiwa sayari imeshachomoza, utoke nje, usione kitu. Bonyeza F6, chagua Mwanza kwenye orodha au gusa ramani, kisha weka alama ya kuifanya iwe mahali pa kudumu. F5 ni ya tarehe na saa. Inahesabu saa 24, kwa hiyo saa mbili usiku yetu andika 20:00. Hakikisha na kanda ya saa ni UTC+3, ndiyo yetu ya Afrika Mashariki.

Utakuta pia umesimama kwenye kijiji cha Ufaransa, miti na majani mabichi, maana ndiyo mandhari iliyowekwa mwanzo. Bonyeza G, ardhi inaondoka. A inaondoa mwanga wa hewa, hata mchana unaona nyota. C inachora mistari ya makundinyota na V inaleta majina. Ctrl na N kwa pamoja hugeuza kioo chote kuwa chekundu, ili macho yasipoteze uzoefu wa giza ukiwa nje. Halafu F4, tafuta sehemu ya uchafuzi wa mwanga: kuna kipimo cha Bortle, 1 hadi 9. Ukiwa Mwanza mjini panda hadi 7 au 8, la sivyo programu itakuonyesha Njia ya Maziwa inang'aa na wewe juu unaona taa za barabarani tu.

Jambo la pili: miongozo karibu yote imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, inaanza na Nyota ya Kaskazini. Kwa Mwanza, nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, nyota hiyo haichomozi kabisa. Usiitafute. Sisi anza na Msalaba wa Kusini. Weka mwezi Mei, saa ya 21:30, geukia kusini: utauona umesimama karibu wima, na kushoto kwake nyota mbili kali, Alpha na Beta Centauri. Alpha ndiyo jirani yetu wa karibu baada ya jua, miaka ya nuru minne na kitu. Sasa bonyeza L mara kadhaa, muda uanze kukimbia. Utaona msalaba unalalia kulia, unashuka, na zile mbili zinaufuata nyuma. K inarudisha mwendo wa kawaida, 8 inakurudisha sasa hivi. Cheza na hilo jioni moja tu, utaelewa anga linavyozunguka kuliko kusoma kurasa ishirini. Ukitoka nje usiku huohuo utaukuta palepale ulipouacha kwenye kioo.

Kisha tafuta M45 kwa F3. Hiyo ndiyo Kilimia yetu, kile kishada cha nyota. Peleka tarehe katikati ya Mei, imezama kwenye mwanga wa jua. Peleka katikati ya Juni kabla ya alfajiri, imeshaibuka mashariki. Wahenga wetu wa pwani walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na ukiweka tarehe za masika utaona hawakuwa wanabahatisha.

Huku kwetu kuna matumizi mengine ambayo sijaona yakitajwa: mwezi kuandama. Jioni ya mwezi 29 weka muda wa jua kuzama, gusa mwezi, na pembeni utasoma urefu wake juu ya upeo, umbali wake wa pembe kutoka kwenye jua, na asilimia iliyoangazwa. Kama mwezi unatangulia jua kuzama, hapo hakuna cha kusubiri barazani. Kama pembe haijafika nyuzi 7 hivi, hilali huwa haionekani hata kwa darubini ya kawaida. Kikomo hicho kinaitwa cha Danjon. Lakini angalia, Stellarium itakuchorea hilali nyembamba hata pale ambapo hakuna jicho la kuiona, na wingu la juu ya mikoko hailijui. Inakupa hesabu ya ulipo mwezi, basi. Ukadhi haina.

Kwa simu, Stellarium ya Android ipo, ya msingi ni bure na ya Plus inalipiwa. Ipo na Sky Map, zamani ya Google, msimbo wake uliachiwa wazi mwaka 2012. Ni nyepesi na naipendekeza zaidi kwa simu za bei ya chini. Tatizo ni kwamba simu nyingi za bei hiyo hazina dira ndani. Ukiinua simu juu na picha haigeuki, usihangaike na mipangilio: zima mwendo wa kujigeuza, sogeza anga kwa kidole. Na simu yenye dira, ivue kava lenye sumaku kwanza, na usisimame ubavuni mwa gari.

Laptopu ikikataa kufungua kwa sababu ya kadi ya picha ya zamani, jaribu Cartes du Ciel ya Patrick Chevalley. Sura yake ni ya kizamani lakini ni nyepesi, na ramani zake zikichapishwa kwenye karatasi zinasomeka vizuri. KStars ni tamu kwa mwenye Linux na darubini ya mota, wewe bado. Celestia inakutoa duniani ukazunguke Zohali, watoto wanaipenda, ila kwa kutambua nyota za juu ya paa lako haisaidii sana.

Kuna mdau ameuliza kama inaonyesha kupatwa kwa jua. Inaonyesha, na unaweza kuipima kwa lililokwisha kutokea: weka 1/9/2016, Rujewa kule Mbarali, nyuzi 8.7 kusini na 34.4 mashariki, sogeza saa kuelekea sita mchana, vuta jua karibu. Utaona jua limebaki pete kuzunguka mwezi. Kisha weka Mwanza, 2/8/2027, kuanzia 12:00. Lile litakuwa kamili Misri na Saudia, kwetu jua litamegwa tu, na kiasi utakisoma mwenyewe kwenye kioo. Siku yenyewe usiangalie kwa miwani ya jua ya mtaani wala kwa filamu ya eksirei. Tafuta mapema miwani yenye alama ya ISO 12312-2, kwa sababu wiki ya tukio huwa hazipatikani.