Kabla hujampa fundi kitambaa, geuza nguo zake ndani nje

Dada uliyeuliza utampataje fundi wa kukushonea gauni bila kukuharibia kitambaa ulichopewa zawadi, hiyo hofu naijua. Kitambaa changu cha kwanza cha maana kiliishia kuwa foronya.

Nilimpelekea fundi picha kwenye simu, gauni limebana juu chini limeachia, akasema hiyo ndogo tu, akanipima kifua na kiuno fasta fasta, hata kuandika hakuandika, nikaondoka na furaha zangu. Siku ya kuchukua (baada ya "njoo kesho" kama nne hivi) navaa, zipu inapanda vizuri tu, ila nikiinua mkono gauni zima linapanda nao maana kwapa kalikata chini mno, na nikikaa ndo usiseme, nyonga hakupima kabisa. Kuachia nako haiwezekani, nyongeza ya ndani, kile kitambaa kinachobaki pembeni ya mshono, kaikata yote.

Tangu siku hiyo mi siulizi fundi gani mzuri, naomba nione nguo alizoshona, na naigeuza ndani. Kwa nje nguo yoyote ikipigwa pasi inapendeza. Ndani ndo unaona nyuzi zinaning'inia au hazining'inii, ovaloki (ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke) imepita kote au imeishia panapoonekana, na kama kaacha nyongeza ya kukusaidia ukinenepa. Ikiwa ya mistari angalia pale kwenye zipu mgongoni, mistari inakutana au kila mmoja umeenda kwao? Anayekutanisha mistari ana subira, na mara nyingi atakwambia mapema kitambaa kiongezwe kidogo.

Huyu niliye naye sasa nilimpata kwa kumsimamisha dada mmoja njiani, suruali ilikuwa imemkaa hatari, nikamuuliza kashona wapi, aibu niliweka pembeni. Sikukimbilia kumpa gauni. Nilianza na suruali ya kupunguza urefu, akaniuliza utaivalia kiatu gani, nikasema cha kisigino, akasema basi nenda kalete hicho kiatu. Nilinung'unika lakini moyoni nikasema hapa nimefika. Nilivyokuja na gauni akanipima nimesimama, halafu akanikalisha kwenye stuli akazungusha tepu kwenye nyonga upya, inua mikono, shusha, kila namba inaingia kwenye daftari. Mwisho akashika kitambaa akauliza, umeshakilowesha hiki? Bado. Akanirudishia mkononi. Pamba ikifuliwa mara ya kwanza huwa inarudi, ukishona kabla hujalowesha utavalisha mdogo wako.

Jambo jingine, omba ujaribu nguo ikiwa imepigwa bandi tu, yaani imeshikizwa kwa uzi wa mkono kabla hajaipitisha mashine, maana bandi inafumuka dakika moja na kitambaa hakijaumia. Fundi akinuna ukimwomba hivyo chukua kitambaa chako. Na tarehe ya shughuli usimwambie ya kweli, mi huwa nairudisha nyuma wiki mbili, ni uongo ndiyo, lakini na yeye "kesho" yake tunaijua.

Kwa wale wa kurekebisha nguo za dukani: kupunguza ubavuni, pindo, kubadilisha zipu, hizo ni kazi za kawaida. Mabega ndo mtihani, kuyapunguza ni mpaka mkono ufumuliwe wote urudishwe, na wengine wakiurudisha unakaa umejikunja kwa mbele. Kwa hiyo ukinunua chagua inayokukaa mabegani hata kama kiuno kinapwaya. Iliyobana usiahidiwe kitu kabla fundi hajaangalia ndani kumebaki nini.

Kuhusu picha uliyosema utampelekea, peleka lakini peleka na kitambaa chenyewe mkae mviangalie pamoja. Gauni la kwenye picha unakuta kitambaa chake ni laini kinamwagika, wewe umebeba kigumu kinachosimama chenyewe, hapo hata fundi awe malaika haliwezi kutoka vile. Wa kwangu aliwahi kunikatalia mshono mmoja kwa sababu hiyo hiyo, nikanuna wiki nzima, akanishonea mwingine ndo huo mpaka leo nauvaa.

Hicho chako ukikishika kinamwagika au kinasimama? Na kina urefu gani? Sema hapa kwanza kabla hujaenda, isije ikawa unataka gauni la mikono mirefu na kitambaa kinatosha sketi.