Tunda la bael kwa tumbo na kisukari
Dada, umeuliza iwapo vipande vikavu vya tunda la bael ulivyoletewa kutoka India vitamfaa mama yako anayeharisha mara kwa mara, na iwapo majani yake yanaweza kuchukua nafasi ya vidonge vyake vya kisukari.

Bael ni mti wa jamii ya michungwa, ambao Wahindu humtolea mungu wao Shiva majani yake yaliyoshikana matatumatatu. Katika Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, jambo la kuzingatia zaidi ni ukomavu wa tunda. Likiwa bichi, au limeanza tu kuiva, huwa na ukakasi mwingi, na hukatwa vipande, hukaushwa na kuchemshwa ili kuzuia kuhara. Likishaiva kabisa, nyama yake ya rangi ya chungwa, yenye utelezi na harufu nzuri, huvurugwa kwa maji, huchujwa na kunywewa kama sharubati wakati wa joto, nayo hulainisha choo. Basi hakikisha kwanza kwamba vipande hivyo ni vya tunda bichi.

Kuhusu kisukari, nakusihi usimwachishe mama vidonge. Majani hayo yameonekana kushusha sukari kwa wanyama wa maabara, na ndiyo maana yakichanganywa na dawa huenda yakaishusha kupita kiasi. Tena, kama kidonge chake cha kisukari ni metformin, mweleze daktari habari ya kuharisha, kwa kuwa dawa hiyo yenyewe huwaharisha baadhi ya wagonjwa. Akiona damu kwenye choo au akipata homa, mpeleke hospitali mara moja, huku akinywa maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini).