Waya unakatika, shanga zinaegemea upande mmoja: jibu kwa dada wa Wete

Dada wa Wete, umeuliza mambo matatu kwa pamoja. Waya wa shaba wa bangili unakukatikia ukiwa nusu ya kusuka, shanga zote zinajipanga ukingo mmoja, na ikivaliwa siku chache inaacha kijani mkononi. Umesema pia kwamba waya wenyewe umeufumua kwenye feni iliyoungua. Mimi nasuka bangili hizi hapa Unguja mjini, nauza na nyengine navaa mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu kwa yale ninayoyafanya kila siku.

Tuanze na waya, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia. Waya wa feni ni mwembamba mno, halafu umeshachoka. Aliyeisuka ile mota aliupinda, moto ukaupitia, wewe ukaukunjua, na nahisi ukaunyoosha kwa kuuvuta na plaizi. Shaba kila inapopindwa au kuvutwa inazidi kuwa ngumu, na ikifika mwisho wa ugumu wake haipindiki tena, inakatika. Ndiyo maana unakatika pale hasa ulipofumua ukarudia. Wewe ni mtu wa Pemba, bila shaka umekaa na watu wanaosuka ukili: ukindu ukikauka unavunjika vidoleni, basi unarashiwa maji ukalegea. Shaba nayo inalegezwa, ila dawa yake ni moto. Unaiviringisha duara, unaiweka juu ya makaa pahala penye kiza kidogo ili uione rangi, na ikianza wekundu hafifu unaitoa kwa koleo na kuitumbukiza majini. Itatoka nyeusi; isugue kwa ukwaju na chumvi, weusi utaondoka.

Hayo ni kwa shaba tupu peke yake. Waya wa mota una ganda jembamba la vanishi, na waya wa umeme una plastiki. Vyote viwili vikiungua vinatoa moshi mbaya, usivitie motoni hata kidogo. Plastiki inachunwa kwa kisu.

Ushauri wangu ni kwamba uachane na feni, uende kwa fundi wa kusuka mota umuombe waya mpya wa milimita 0.5. Wauzaji wa vifaa vya urembo huo wanauita geji 24. Mpya unatoka kiwandani ukiwa laini, hauhitaji moto, na ile vanishi inauchelewesha kuchafuka. Wa milimita 0.8 unaumiza vidole na msuko wake hautulii, na wa 0.3 haukai umbo. Nimeona watu wanatumia waya wa kufungia nondo kwa sababu ni rahisi na ni laini. Kwa visiwa vyetu, na hewa hii ya chumvi, huo unashika kutu haraka na kutu inahamia kwenye nguo. Sikushauri.

Sasa mwanzo wa msuko. Pima mkono kwa uzi. Ukiwa sentimita 17, kata nyaya tatu za sentimita 80 kila moja. Pigilia msumari mnene kwenye ubao, zipitishe nyaya zote tatu nyuma ya msumari zikunjike katikati, na hapo umepata ncha sita za sentimita 40. Zungusha moja mara tatu kwenye shingo, chini tu ya msumari. Kile kitanzi kinachobaki ndicho kitakachopokea kulabu mwishoni, kwa hiyo upande mmoja wa bangili umeshaumaliza kabla hujaanza kusuka, na hauna ncha hata moja ya kuchoma.

Zigawe ncha mbili mbili, upate miguu mitatu. Hizi mbili za kila mguu zilale sambamba kama reli, zisipandane. Suka kama nywele: wa kulia unakwenda kati, wa kushoto unakwenda kati. Usivute. Waya unalazwa, hauvutwi. Uweke kidole gumba juu ya kivuko ulichokwisha kukilaza, ndipo uupinde mguu mwengine. Sentimita mbili za mwanzo ziache bila shanga, na za mwisho vivyo hivyo, kwa sababu sehemu hiyo inakaa chini ya kiganja na kila ukiweka mkono mezani shanga zingesagika.

Shanga zako zinaegemea upande mmoja kwa sababu unazitia mguu wa kulia peke yake. Inaonekana wazi kwenye maelezo yako: umesema unatia shanga kisha unasuka mara mbili. Mara mbili maana yake kulia na kushoto, kwa hiyo zamu ya shanga inaangukia kulia kila siku. Tia shanga kila mguu wa nje unapotaka kuingia kati, wa kulia na wa kushoto. Isukume mpaka iguse msuko, ndipo uuvushe mguu. Hapo shanga inabaki ukingoni, na kingo zote mbili zinajaa sawa. Ukitaka nafasi, suka mara mbili tupu kisha tia mbili, moja kila upande.

Na usinunue shanga kabla hujajua waya wako. Namba za shanga ndogo za kioo zinakwenda kinyume: namba 11 ina kama milimita 2, namba 8 kama 3, namba 6 kama 4. Tundu la namba 6 kwa kawaida linapitisha nyaya mbili za 0.5 pamoja. Namba 8 inabana, kwa hiyo pitisha waya mmoja tu wa mguu, mwenzake upite chini ya shanga. Namba 11 iache kwa uzi. Ukienda dukani, Darajani au Chake, chukua kipande cha waya mfukoni ukaijaribu shanga hapo hapo, maana hata ndani ya fungu moja matundu hayalingani.

Mwisho wa msuko kusanya ncha sita, waya mmoja uzungushe mwengine wote mara nne, kaza kwa plaizi ya mdomo mwembamba. Kwa kulabu, 0.5 ni dhaifu. Hapa ndipo waya wa umeme wa nyumba unapofaa: ule wa 1.5 ukiuchuna una unene wa karibu milimita 1.4, kwa sababu hiyo 1.5 ni eneo la mkato wake, siyo upana. Pinda kulabu, mkia wake uingize kwenye mzungusho kabla hujaukaza. Kata masalio, ncha uzipige tupa. Kisha pitisha ushungi mwepesi juu ya bangili nzima. Ukinasa popote, rudi na tupa hapo. Mteja akichanika ushungi mara moja, hanunui tena kwako wala kwa jirani yako. Bangili ikishakamilika, ikunje taratibu kwenye chupa, kwa viganja, si kwa plaizi.

Kijani kinatokana na shaba kukutana na jasho na chumvi. Kinatoka kwa sabuni. Kwa waya wenye vanishi kinaanzia kwenye kulabu iliyo tupu, basi ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, na irudie inapochakaa. Waambie wateja waivue wakienda pwani. Ikishachafuka, ndimu na chumvi, suuza sana, kausha.

Ila nimeona umesema unataka kutia shanga za kombe, yaani za magamba ya pwani. Nimefurahi, kwa sababu kazi hiyo ni ya kwenu tangu kale: Tumbe, kaskazini ya Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vigae kwa wingi vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusagia shanga, vya baina ya karne ya 7 na ya 10. Huku Unguja kina mama wa upande wa Fumba na Bweleo wanafanya mapambo kwa chaza, na vipande vyao vinapendeza sana kwenye shaba. Lakini kombe ni chokaa, na ndimu inaila, mng'aro ukafa usirudi. Bangili ya kombe ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na uikaushe. Ndimu ichovye kwa ncha ya pamba, uipake kulabu peke yake.